Vijana, sikilizeni watu wanavyoongea

Mhariri, naomba nafasi niongee na vijana wanaotuma hadithi gazetini. Jamani, mazungumzo! Mama ntilie akimdai mteja hasemi "ningependa unilipe fedha zangu", anasema "we kaka, ile ya juzi vipi?" na hapo msomaji keshamwona. Panda daladala usikilize, andika kwenye simu, ukifika nyumbani soma kwa sauti, ulimi ukikwama futa. Na msiache kazi eti mnatafuta utulivu, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha na vitabu akaandika, we nusu saa ya alfajiri kabla watoto hawajaamka inakutosha, ila iwe kila siku. Halafu rasimu mpe mtu atakayekwambia ukweli, siyo rafiki wa kusifia tu.

Msomaji wenu, Temeke