Ziara ya wafumi wa hariri: sufuria ipewe muda wake

Mhariri,

Makala za utalii huwashauri wasafiri watenge nusu siku kutembelea kijiji cha wafumi wa hariri. Tunaunga mkono ushauri huo. Kinachotukera ni ratiba zinazowapitisha wageni mbio kwenye banda la viwavi na jikoni panapovutwa uzi kwenye sufuria, halafu zikawaacha saa nzima dukani.

Nusu siku ni kama saa nne. Ukitoa mwendo wa barabarani, kijijini hubaki saa mbili na nusu hivi, nazo zinatosha iwapo kazi itaonyeshwa kwa mfuatano wake na kundi halizidi watu wanane. Hariri ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo kundi likiwa kubwa walio nyuma huona migongo ya wenzao tu.

Kabla ya kuondoka, kiongozi awapigie simu wenyeji. Si kila kijiji cha wafumi hufuga viwavi, vingi hununua uzi uliokwisha kuvutwa. Hata kwa wafugaji, kiwavi hula kwa takriban siku 25 hadi 30 tu na kujivua ngozi mara nne kabla ya kujisokotea kifukofuko, yaani ganda la nyuzi za hariri, hivyo kuna wiki ambazo trei ni tupu. Mgeni aambiwe hayo kabla ya kulipa.

Bandani waingie kwanza, asubuhi, wakiwa hawajajipaka dawa ya mbu wala manukato, na mvutaji sigara anawe mikono. Hili si jambo la adabu tu. Viwavi wa hariri hudhurika upesi kwa viuatilifu na nikotini, hata kwa kiasi kidogo kilichogusa majani ya mforsadi, mti ambao ndio chakula chao. Majani yenyewe yawe makavu, maana yenye maji huleta magonjwa, na trei nzima inaweza kuoza kwa siku chache. Dakika ishirini zinatosha hapa.

Sufuria ndiyo ipewe muda mrefu zaidi, dakika arobaini au zaidi. Vifukofuko hutiwa kwenye maji ya moto yasiyotokota kwa nguvu ili gundi inayoshika nyuzi ilegee. Maji yakipoa, gundi haiachi na uzi hukatika. Yakizidi moto, nyuzi hutoka mafungumafungu na kuacha vinundu. Mvutaji uzi huvikoroga kwa kijiti hadi ncha zijitokeze, huondoa tabaka la nje lililo gumu na kuliweka kando kwa uzi mzito, kisha hukusanya nyuzi za vifukofuko kadhaa, huzipitisha pamoja kwenye tundu dogo na kuzizungushia gurudumu. Kifukofuko kimoja kina uzi wa mita mia kadhaa, na kwa mbegu za viwavi zilizoboreshwa hupita mita 1,000. Kimoja kikiisha, kingine kiungwe papo hapo. Mvutaji akichelewa, uzi hukonda mahali pale, na pale ndipo utakapokatika ukishatandikwa kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia. Mgeni aliyeiona kazi hiyo ya macho na vidole haulizi tena kwa nini hariri ni ghali.

Hapo hapo aelezwe bila kuficha kwamba pupa aliyemo ndani, yaani kiwavi anayegeuka kuwa nondo, hufa kwa joto. Nondo akiachwa atoke, hutoboa kifukofuko, na uzi mmoja mrefu hugeuka vipande vya kusokotwa kama pamba. Tumewasikia waongozaji wakikwepa swali hili, na wageni hukasirishwa na kukwepa huko kuliko jibu lenyewe.

Kwenye kitanda cha mfumi, mwelekeze mgeni aangalie mtande, yaani nyuzi za urefu, kabla ya mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana. Uzi mmoja wa mtande ukipitishwa mahali pasipo pake, kosa huwa mstari unaofuata kitambaa chote, na dawa yake ni kufungua na kupitisha upya. Nakshi inayofungwa na kutiwa rangi kwenye uzi kabla ya kufuma huenda polepole mno, basi mgeni asitarajie kuona ua likikamilika mbele yake.

Duka liwe la mwisho na fupi. Anayetilia shaka kitambaa aombe nyuzi mbili tatu za matamvua azichome: hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

Kuna suala la malipo pia. Mvutaji anapoonyesha kazi husimama mara kwa mara, na vifukofuko vilivyokaa majini kupita kiasi huharibika. Fidia ya hasara hiyo isitegemee kama mgeni atanunua skafu. Ada ya onyesho iandikwe kwenye tiketi, peke yake, na mvutaji na mfumi walipwe siku ile ile mkononi.

Sisi waongoza wageni wa vijiji vya wafumi