Jumapili: Matuta ya Masingini

Assalamu alaykum wanakikundi. Tukutane Bububu, Unguja, saa 1:00 asubuhi, si saa 2:00, kwa matembezi ya msitu wa Masingini. Kutoka Darajani pandeni daladala 502. Jua likishapanda, njia ya juu huwa kama tanuri.

Wanaotarajia mlima wapunguze hamu: matuta haya hayafiki mita 150, lakini kwa Unguja nzima ndiyo kilele chetu. Utamu wake uko kwenye maji. Mvua inanyonywa na msitu, inashuka taratibu, inafoka chini kama chemchemi. Ndiyo maana Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar (alitawala 1870–1888), alivuta maji ya upande huu kwa mabomba mpaka mjini. Ukikata miti juu, bomba la chini ndilo linalolia.

Tukishuka tutazungumzia karafuu. Dhoruba ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo karafuu ni ya Wapemba, na wasituringie sana. Reli ya Bububu ya 1905 tutaigusa njiani tu.

Malapa marufuku. Udongo mwekundu ukirowa unaganda chini ya soli, kisha unateleza kama sabuni, na wengi huanguka wakati wa kushuka, si kupanda. Vaeni raba zenye meno na soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani: siafu hupanda kimya kimya na huanza kuuma wakishafika magotini. Maji lita 1.5 kila mtu. Kima msiwape ndizi.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni.