Msiilaumu filamu kwa makosa ya projekta

Mhariri,

Kila msimu wa matamasha ya filamu, kurasa za burudani za magazeti yetu hurudia malalamiko mawili: picha ilikuwa na giza, sauti haikusikika. Kisha mwongozaji anatwishwa mzigo wote. Mara nyingi mzigo huo ni wa fundi aliyefunga projekta, au wa mwenye ukumbi aliyekataa kuzima taa za mlangoni. Mhakiki asiyejua kutofautisha huwa amehakiki vifaa akidhani amehakiki filamu.

Nianze na sauti, maana ndiyo inayowaponza wengi. Filamu nyingi za tamasha huja na sauti ya chaneli sita: kushoto, katikati, kulia, mbili za pembeni nyuma na moja ya besi. Mazungumzo ya wahusika, karibu yote, huwekwa kwenye chaneli ya katikati. Sasa ukumbi wa mikutano wa hapa Arusha kwa kawaida una spika mbili tu. Fundi akichomeka kompyuta bila kuiagiza programu ichanganye chaneli zote sita ziwe mbili, ile ya katikati inapotea. Dalili zake hazijifichi: muziki unanguruma, milango inabamizwa, mvua inanyesha vizuri kabisa, lakini watu wanafungua midomo na maneno hayatoki, au yanasikika kama yako chumba cha pili. Hilo ni kosa la ukumbi, na hurekebishwa kwa dakika moja kwenye mipangilio ya sauti, kama kuna mtu wa kunyanyuka kwenda kumwambia fundi.

Kosa la mtengenezaji lina sura nyingine. Maneno yanasikika, ila yana mwangwi wa chumba kitupu. Au upepo unapuliza kwenye maikrofoni. Au kila kamera inapohama kutoka kwa mzungumzaji mmoja kwenda kwa mwingine, mlio wa nyuma (jenereta, jogoo, bodaboda) unakatika na kuanza upya. Hapo mlaumu mrekodi sauti na mhariri wa filamu, tena bila huruma, kwa sababu huo ndio ugonjwa sugu wa Bongo Movie.

Kwenye uwanja wa wazi kuna mtego mwingine. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita 35 kutoka kwenye spika huisikia ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na midomo inaanza kuachana na maneno. Sogea mbele kwanza ndipo uandike kwamba filamu iliingiziwa sauti vibaya.

Picha nayo ina hesabu yake. Kumbi rasmi za sinema hulenga mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba katikati ya turubai. Projekta yenye lumeni 3,000 za kweli (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye projekta), balbu ikiwa mpya na giza likiwa totoro, hufikia kiwango hicho kwenye turubai la upana wa mita 6. Waandaaji wakitaka kufurahisha wadhamini wakatundika turubai la mita 9, mwanga uleule unatawanywa kwenye eneo kubwa zaidi ya mara mbili na mwangaza unashuka chini ya nusu. Balbu ikiwa imechoka, unashuka tena. Matukio ya mchana yatavumilika. Ya usiku yatakuwa sauti tupu. Shuka jeupe lililotundikwa bila kitambaa kizito nyuma yake huzidisha balaa, kwani sehemu ya mwanga hupita na kwenda kuwamulika walioko nyuma.

Ongeza na jua. Mwezi Julai, Arusha na Moshi, jua huzama mnamo saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na anga hubaki na weupe kwa zaidi ya nusu saa. Onyesho la wazi lisianze kabla ya saa moja na nusu usiku. (Pengine hapa ndipo mahali pekee ambapo hotuba ndefu ya mgeni rasmi ina manufaa.)

Umbo la picha hukaguliwa kwa kutafuta kitu cha duara: sahani, gurudumu, mwezi. Kikiwa yai, mtu amebonyeza kitufe cha kujaza skrini. Filamu ya umbo pana la 2.39 kwa 1 lazima iache mistari myeusi juu na chini kwenye skrini ya 16 kwa 9. Isipoiacha, ama nyuso zimevutwa zikawa ndefu, ama pembeni pamekatwa na msemaji wa pili hayumo kwenye picha. Na kama filamu inaonyeshwa kwenye runinga kubwa na mwendo wake unateleza kama mechi ya moja kwa moja, runinga inabuni picha za ziada kati ya zile 24 za kila sekunde. Zimeni kitu hicho.

Kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video, ni suala la pekee. Filamu yenye sauti ya mtafsiri juu yake, ile kazi iliyompa umaarufu mtafsiri wa filamu aitwaye Lufufu, haiwezi kuhakikiwa kama kazi ya mwongozaji peke yake, kwa kuwa mazungumzo ya asili yamefunikwa na utani umeongezwa. Inastahili uhakiki wake: mtafsiri alinyamaza wapi, alichekesha wapi, alipotosha kisa wapi. Sijaona gazeti lililofanya hivyo, na ni aibu, maana huko ndiko watazamaji waliko.

Kwa anayetoka huku kwenda ZIFF, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997, safari ni basi la kutwa hadi Dar es Salaam kisha boti ya saa mbili hivi. Filamu ndefu tatu kwa siku zinatosha. Ya nne huangaliwa na macho tu. Andika gizani kwa kalamu, herufi kubwa, wazo moja kila ukurasa, simu ikiwa mfukoni. Ngome Kongwe, ambako ZIFF imekuwa ikionyesha filamu, ni uwanja wa wazi, hivyo filamu yenye usiku mwingi itazameni tena ndani ya ukumbi kama ratiba inaruhusu.

Uhakiki wenyewe? Kisa kisizidi theluthi moja ya makala, na kisivuke katikati ya filamu. Kusema "steringi amecheza vizuri" si hoja. Taja tukio, alifanya nini kwa mikono, alinyamaza muda gani. Vivyo hivyo "mandhari ya kuvutia". Mlima Meru hauhitaji sifa za mhakiki. Tangu Howard Hawks, mwongozaji wa Marekani, alipokuja kupiga picha za Hatari! huku Arusha, filamu iliyotoka 1962, wenye kamera wanaujua. Swali ni kwa nini mwongozaji ameuweka kwenye tukio lile na si jingine. Na mwandishi aliyepewa nauli na bahasha na waandaaji aseme hivyo katika aya ya kwanza.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Yapunguzeni yale maneno mia yaliyo chini ya picha ya mgeni rasmi, wapeni wahakiki mia sita. Na chini ya kila uhakiki chapeni jina la filamu, mwongozaji, mwaka, dakika, lugha, ukumbi ilipoonyeshwa, na kama ilionyeshwa kwa projekta au runinga, spika mbili au sita.

Mpenzi wa filamu,
Kaloleni, Arusha