Miezi tuliyochangia Mombasa ihesabiwe na Unguja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hifadhi ya jamii kwa sisi tunaofanya kazi baina ya visiwa hivi na pwani ya Kenya, kwani kuvuka kutoka Pemba kwenda Mombasa kutafuta riziki ni jambo walilolizoea hata wazee wetu.

Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Wete. Nilifanya kazi katika hoteli moja ya Mombasa kwa miezi 102, nikikatwa mchango wa uzeeni kila mwisho wa mwezi, kisha nikarejea kuajiriwa Unguja, ambako sasa ni mwanachama wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF). Nilipoondoka kule nililipwa akiba yangu yote kwa mkupuo, kama sheria ya Kenya inavyomruhusu mwanachama anayehama nchi moja kwa moja. Fedha zile ziliezeka nyumba ya mama, lakini miezi yenyewe ilifutika, na huku nikaanza kuhesabiwa upya kama kijana aliyemaliza skuli jana.

Uzito wa jambo hili huonekana pale sheria inapoweka kima cha chini cha miezi ya kuchangia. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) wa Tanzania Bara, kwa mfano, hudai miezi 180 ndipo mwanachama apate pensheni ya uzeeni. Mtu aliyechangia miezi 100 Kenya na 120 Dar es Salaam ametoa jasho kwa miezi 220, na bado pensheni ya kila mwezi inampita.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kujumlisha vipindi vya uchangiaji, bila hata shilingi moja kuhama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kila nchi huhesabu miezi ya pande zote mbili ili mwanachama atimize sharti, kisha hulipa fungu linalolingana na miezi aliyochangia kwake tu. Katika mfano wangu, mfuko wa Bara ungelipa sehemu 120 kati ya 220. Umoja wa Ulaya hufuata utaratibu huo kwa Kanuni namba 883 ya mwaka 2004. Nakiri kwamba kwetu kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu chini ya sheria ya Kenya ya 2013 pensheni hutokana na kilichomo katika akaunti ya mwanachama, ilhali NSSF ya Bara huikokotoa kwa mshahara na muda wa kuchangia. Hata hivyo ugumu huo ni wa mahesabu, na mahesabu yana wataalamu wake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imeyataja mafao ya hifadhi ya jamii katika Ibara ya 10 kuwa ni haki ya mfanyakazi anayevuka mpaka, na ikaliagiza Baraza la Mawaziri la Jumuiya litoe maelekezo na kanuni za kuitekeleza. Haki hiyo tunaitaka ifike mpaka kwenye dirisha la mfuko, aliposimama mwanachama na kadi yake mkononi.

Hapo ndipo Zanzibar ina jambo lake la pekee. Mambo ya Nchi za Nje ni ya Muungano, lakini hifadhi ya jamii si ya Muungano. ZSSF iliundwa kwa Sheria namba 2 ya 1998 iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo anayezungumza na Kenya siye anayeusimamia mfuko wetu, na makubaliano yatakayoitaja NSSF peke yake yatamwacha nje mpishi wa Nungwi na mhudumu wa Paje.

Nawaomba Wawakilishi wetu wamuulize Waziri anayehusika, tena kwa maandishi, nani anaisemea ZSSF katika mazungumzo ya Jumuiya. Miezi yangu 102 nimekwisha kuila na siidai. Nawasemea vijana wanaopanda chombo mwaka huu kwenda Mombasa, ambao wakirudi watakuta hakuna aliyewaambia kwamba akiba ile ingefaa kuachwa.

Wako,
Mpishi wa hoteli,
Nungwi, Unguja