Salehe, ule mkoromo si uchovu

Tanga

Sahibu yangu Salehe,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila jicho langu la kushoto limeniumbua. Siku moja niliamka kwa swala ya alfajiri, nikatazama dirishani, nikaona nondo zimepinda. Nikafumba jicho la kushoto, zikanyooka. Nikafumba la kulia, zimepinda tena, na juu yake ukungu.

Daktari wa macho alinitia matone ya kutanua mboni, akanipiga picha ya ndani ya jicho. Salehe, nimeuona mshipa wangu mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta: umevimba, umejikunja kama nyoka, na kando yake michirizi ya damu. Akanieleza kwamba mshipa unaopeleka damu na ule unaoirudisha hupishana humo ndani, mmoja juu ya mwingine, imebanana. Wa juu ukikakamaa huukandamiza wa chini, damu hukwama, maji huvuja kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ndiyo maana nondo zilipinda.

Kisha akaniuliza, "Mzee, unakoroma?" Mke wangu akanitangulia kujibu. Akasema hakuna kinachomtisha kama mkoromo unapokatika. Huwa anahesabu kimya, mpaka ishirini na kitu, halafu nashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini.

Nililazwa usiku mmoja kupimwa usingizi, nimefungwa nyaya kifuani na kidoleni. Pumzi ilikatika mara 38 kwa saa. Ikizidi 30 huhesabiwa apnea kali, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Kila koo linapoziba, oksijeni inashuka, mwili unapata hofu, presha inaruka. Presha ambayo usiku ilipaswa kupumzika, yangu ilikuwa inapanda na kushuka hadi asubuhi. Retina inakula oksijeni kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, na mishipa yake ni myembamba mno. Ikipigwa hivyo miaka na miaka, kuta zake za ndani hushindwa kutanuka na kusinyaa inavyotakiwa. Daktari hakusema apnea peke yake ndiyo iliyoniumiza, maana presha ninayo siku nyingi. Lakini alisema kulitibu jicho na kuuacha usingizi ni kufuta maji huku bomba liko wazi.

Nimeshachomwa sindano tatu ndani ya jicho. Inatisha kuisikia kuliko kuipata. Usiku navaa barakoa ya mashine inayosukuma hewa isiache koo lizibe. Aliibuni daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, akaitangaza mwaka 1981. Miaka yote hiyo dawa ipo, na mimi nasema ni uchovu!

Sasa nimefika kwako. Unakumbuka matanga ya mjomba, Lushoto, tulipolala chumba kimoja? Ulikoroma, ukanyamaza, nami nikafurahi nikidhani umegeuka ubavu. Ule ukimya sasa naujua ni wa nini. Na wewe una kisukari, ambacho kinaharibu mishipa hiyohiyo ya retina. Mara ya mwisho kutanuliwa mboni ilikuwa lini?

Nitakupigia Ijumaa baada ya swala. Mwambie shemeji akae karibu na simu, na usiku wa Alhamisi awe amekuhesabia.

Wako,
Mbaraka