Kutoka pop kwenda opera si kupanda cheo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge dhana inayojirudia kila waandishi wa sanaa wanapomzungumzia mwanamuziki wa pop aliyeimba opera, yaani tamthilia inayoimbwa kwa okestra: kwamba amepanda cheo, na kwamba mwenzake wa opera anayerekodi pop amejishusha.

Kinachozitenganisha kazi hizi mbili, kwa maoni yangu, ni kipaza sauti. Mwimbaji wa opera kwa kawaida huimba bila chombo hicho mbele ya okestra ya makumi ya wapigaji, akitegemea mafunzo ya miaka mingi ambayo, hasa kwa wanaume, huifanya sauti ikusanye nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra yenyewe imepungua nguvu, naye akasikika hadi viti vya nyuma. Wa pop amejifunza kunong'ona, kukwaruza sauti na kuiacha pumzi isikike, mambo ambayo yasingefika hata safu ya tatu ya ukumbi wa opera.

Andrea Bocelli, mwimbaji wa Italia aliyeshinda upande wa waimbaji wapya katika tamasha la nyimbo la Sanremo nchini humo mwaka 1994, hujaza viwanja vya michezo; lakini alipoigiza katika opera ya Werther mjini Detroit mwaka 1999, wakosoaji walilalamika kwamba sauti yake ilikuwa ndogo. Sauti ni ileile, ila mitambo haikuwapo. Naye Renée Fleming, soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) mashuhuri wa opera wa Marekani, alipotoa albamu ya nyimbo za roki mwaka 2010, ilimbidi aziache noti zake za juu na kuimba chini kabisa, karibu na sauti ya mazungumzo. Sioni alichoshuka hapo. Alikwenda kujifunza upya.

Ndiyo maana albamu ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar na mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, na Montserrat Caballé, soprano wa opera wa Hispania, iliyotoka mwaka 1988, bado inasikilizika: Mercury hakujifanya tenori, yaani mwimbaji wa opera wa sauti ya juu ya kiume, wala Caballé hakujifanya mwanaroki. (Albamu nyingi za aina hiyo zilizofuata, nakiri, hunichosha kabla ya wimbo wa tatu.)

Ningewaomba basi waandishi wako, wanaporipoti onyesho la namna hii, watueleze kama kipaza sauti kilitumika, na kama mwimbaji alibeba opera nzima au aliimba kipande kimoja tu.

Wako,
Mpenzi wa muziki