Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Mtuhumiwa wa ugaidi naye ni marufuku kuteswa

Mheshimiwa Waziri,

Januari 1977 aliyekuwa kwenye kiti unachokalia leo, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Mwaka uliotangulia kulikuwa na msako wa wauaji wa vikongwe Mwanza na Shinyanga. Watu walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Mwinyi hakumgusa hata mmoja. Aliondoka kwa sababu waliotenda hayo walikuwa chini ya dhamana yake.

Naanza na habari hiyo kwa sababu lengo la msako ule lilikuwa jema. Bibi zetu walikuwa wanakatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na serikali ilikuwa na kila sababu ya kuwasaka wauaji. Wema wa lengo haukumzuia mtu kufa chumbani mikono imefungwa. Nusu karne baadaye neno lililotawala ni ugaidi, na nasikia hoja ile ile ikirudi, hata kwa watu ninaowaheshimu: hawa si wahalifu wa kawaida, acha wabanwe mpaka waseme.

Ugaidi upo, sibishi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 11 pale ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, na siku hiyo hiyo Nairobi walikufa zaidi ya 200. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji walivuka mpaka wakavamia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Waliofanya hayo wakamatwe, washtakiwe, wafungwe. Ninachokataa ni kile kinachotokea kati ya kukamatwa na kushtakiwa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma. Kazi yangu kubwa ni kusindikiza ndugu za mahabusu, kuwaandikia barua, kuwaeleza maana ya karatasi walizopewa. Kuna mama mmoja ambaye kijana wake alichukuliwa dukani na watu waliovaa kiraia, kwa tuhuma za ugaidi. Mama alizungushwa: hapa hayupo, jaribu kule. Kila alikokwenda alibeba hotipoti ya chakula, na kila jioni aliirudisha nyumbani haijafunguliwa. Kijana aliachiwa bila shtaka lolote, nyayo zimevimba kiasi kwamba ndala hazikuingia. Tukampeleka kutibiwa, tukaambiwa tulete PF3, fomu anayopewa majeruhi ili atibiwe. PF3 inatoka polisi. Tukarudi kituo kile kile, ambacho sikitaji jina, na kaunta askari akauliza kilichompata. Mama akanitazama, kisha akajibu kwamba mwanawe ameanguka na bodaboda.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwenye karatasi za serikali kijana yule ni majeruhi wa ajali. Ukiletewa taarifa mezani kwako Mtumba kwamba malalamiko ya mateso ni machache, kumbuka kuwa mlango wa kulalamikia na mlango wa kuteswa mara nyingi ni mmoja.

Wanaotetea mateso hupenda kuuliza: bomu limetegwa stendi kuu ya Nanenane, saa inakwenda, na anayejua lilipo unaye mkononi, utafanya nini? Swali limetungwa kwa namna ya kuficha mambo mawili. Kwanza, linadai tayari unajua kwamba anajua, wakati kituoni aliyepo ni mtuhumiwa tu, pengine kwa kutajwa na mtuhumiwa mwingine aliyepigwa kabla yake. Pili, linadai atasema kweli. Mtu aliyezidiwa na maumivu husema kitakachoyasimamisha. Akisema bomu liko soko la Majengo, askari wote watakimbilia Majengo na stendi italipuka.

Haya yameshatokea kwa gharama kubwa. Ibn al-Shaykh al-Libi, Mlibya aliyetuhumiwa kwa ugaidi, alipelekwa Misri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akateswa, akasema Iraq iliwafundisha al-Qaeda matumizi ya silaha za kemikali. Maneno hayo yakaingia kwenye hotuba ya Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Februari 2003, na vita ya Iraq ikaanza mwezi uliofuata. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana yote. Alisema aliyatunga ili wamwache.

Mifano iliyo karibu nasi zaidi ni ya Watanzania wawili, wote wa Zanzibar, walioshtakiwa kwa mabomu yale yale ya 1998. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town mwaka 1999. Alisomewa haki zake, akahojiwa na FBI, wapelelezi wa jinai wa Marekani, akapelekwa New York, na mwaka 2001 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa kila shtaka lililomkabili. Akapata kifungo cha maisha. (Hata hapo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliikemea serikali yake kwa kumkabidhi bila kwanza kupata ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Nchi inayojiheshimu hujikagua hata inapomshika mtu wa namna hiyo.)

Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Yeye aliwekwa kwenye magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo, na New York alifika mwaka 2009. Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi ambaye upande wa mashtaka ulimtegemea kuliko wote, Mtanzania aliyekuwa aeleze jinsi alivyomuuzia baruti ya TNT, kwa sababu jina lake lilipatikana kwenye mahojiano ya kulazimishwa. Mwezi uliofuata Ghailani alionekana hana hatia kwa mashtaka 284 kati ya 285. Shtaka moja lililobaki lilitosha kumfunga maisha, ni kweli. Lakini hakuna shtaka hata moja la mauaji lililosimama. Familia za waliokufa Dar es Salaam na Nairobi zilinyimwa hukumu ya mauaji kwenye kesi ile, na hao CIA wanaojiita wapambanaji wa ugaidi ndio walioiharibu.

Yupo na Mtanzania wa tatu, Suleiman Abdallah Salim, ambaye hakushtakiwa popote. Alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akapitishwa kwenye mikono ile ile ya CIA, akaachiwa mwaka 2008 na barua ya jeshi la Marekani inayosema si tishio. Aliwashtaki wanasaikolojia waliobuni mbinu za mateso za CIA, na mwaka 2017 wakaamua kumalizana naye nje ya mahakama. Huyo naye ni raia wetu, na sikumbuki kuona serikali yetu ikimpigania hadharani.

Lakini nisibaki kwenye hesabu ya faida na hasara, kwa sababu siku moja atatokea mtu na mfano ambao mateso yalitoa jibu la kweli, na msimamo wangu hautabadilika. Askari anayepambana na mtu mwenye bunduki yuko vitani. Mtu aliyefungwa pingu hawezi kumdhuru yeyote, na kumtesa ni kuuvunja ubinadamu wake ili utumike kama chombo. Na jambo hilo haliwezi kufanywa mara moja, kwa siri, na mtu mmoja shujaa. Linahitaji mwalimu wa kulifundisha, daktari wa kupima kama mtu bado anastahimili, mwanasheria wa kulihalalisha. Marekani ilikuwa na hao wote, na waraka wa wanasheria wake ulitolewa Agosti 2002. Sitaki vijana wetu wanaotoka mafunzo ya polisi Moshi wageuzwe kuwa watu wa kazi hiyo.

Katiba yetu haina utata hapa. Ibara ya 13(6)(e) inasema ni marufuku kwa mtu kuteswa. Ibara ya 31, inayozungumzia hali ya hatari na watu wanaohatarisha usalama wa taifa, inaliruhusu Bunge kukiuka ibara ya 14 na ya 15, basi. Ya 13 haikuguswa. Walioiandika walifikiria hatari kubwa kuliko zote, na bado wakaliacha katazo hilo mahali pake.

Tatizo liko chini ya Katiba. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 29 kwa namba tulizozizoea, kinasema ungamo halikataliwi kwa sababu tu ya ahadi au vitisho, mpaka mahakama ione kwamba vilikuwa vya kuweza kumfanya mtu akiri uongo. Mpelelezi akikisoma hicho anaelewa kwamba kutisha kunavumilika. Sheria zetu za jinai pia hazina kosa linalojitegemea la utesaji. Askari akishtakiwa, atashtakiwa kwa shambulio au kudhuru mwili, sawa na waliogombana kilabuni. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji wa 1984 hatujauridhia. Uganda iliuridhia 1986, Burundi 1993, Kenya 1997, Rwanda 2008. Uganda na Kenya zimekwenda mbali hadi kutunga sheria mahususi za kuzuia utesaji, na Kenya imeumizwa na al-Shabaab kuliko sisi. Tumebaki peke yetu katika Jumuiya nzima, na hakuna Waziri aliyewahi kunieleza sababu ikaniingia.

Mkataba na sheria najua vinapita kwa mwenzako wa Katiba na Sheria na kwa Bunge. Naomba uwe wa kwanza kuvidai, maana wanaolaumiwa ni askari wako. Mengine yako ndani ya uwezo wako.

Amuru mahojiano yote ya watuhumiwa wa ugaidi yarekodiwe kwa video tangu dakika ya kwanza, na maelezo ya onyo (yale anayoandikwa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake) yasiyo na video yasipelekwe mahakamani. Mwaka 2021, kwenye kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, na wenzake, Mahakama Kuu ilikaa siku nyingi kwenye kesi ndogo ndani ya kesi kubwa ikisikiliza kama mshtakiwa mmojawapo alitoa maelezo kwa hiari au kwa mateso. Maelezo yalipokelewa, Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akaiondoa kesi, na mpaka leo kila mtu anaamini alichokuwa anaamini kabla. Video ingelinda mshtakiwa kama aliteswa, na ingewalinda askari kama hakuteswa.

Mlinzi wa amani, yaani ofisa asiye polisi anayeruhusiwa kisheria kuandika ungamo, anapoletewa mtuhumiwa kuungama hutakiwa kuuliza alikamatwa lini, alilala wapi, na kumkagua kama ana majeraha. Weka utaratibu huo huo kituoni: kila mahabusu wa ugaidi aonwe na daktari asiye wa polisi akiingia na akitoka, na ndugu waambiwe siku hiyo hiyo alipo.

Na PF3. Kaa na Waziri wa Afya mkubaliane kwamba anayedai kuumizwa akiwa mikononi mwa polisi atibiwe kwanza, na fomu yake ijazwe hospitali bila kurudi kaunta ya kituo alichotoka. Hilo linahitaji waraka wenye saini zenu mbili, na unaweza kutoka hata kabla Bunge halijakutana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria, Dodoma